Mwache Afurahie Baiskeli Yake

(Muziki wa kipindi unasikika, kisha unapungua.)

Hujambo mama? Hujambo mlezi unayetusikiliza ukiwa jikoni, shambani, sokoni Chwele au dukani mjini Kitale? Na wewe nyanya unayelea wajukuu, hujambo? Karibuni tena katika kipindi chetu cha afya ya familia. Leo tunazungumza juu ya kijana wa miaka 12 hadi 18, mvulana au msichana, na baiskeli. Tutaangalia inamfaidi vipi, utamtia moyo vipi, na hasa utamtia moyo vipi bila kumsukuma mpaka akaichukia.

Najua kuna anayejiuliza, je, baiskeli nayo ni jambo la kufundishwa redioni? Upande wetu huu wa nchi umelelewa na baiskeli. Boda boda yenyewe ilianza kwa baiskeli, kule Busia mpakani, ikivusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda, kisha ikaenea Bungoma, Webuye, Kitale na kwingineko. Ile Blaki Mamba yenye kiti cha sponji nyuma ilibeba maziwa, ikabeba gunia la mahindi, ikambeba hata mama mwenye uchungu wa kuzaa. Halafu mwaka 2008 serikali ikaondoa ushuru wa VAT kwenye pikipiki ndogo, na baada ya miaka michache pikipiki zikajaa kila kona. Baiskeli ikabaki ya mzee, ya mtoto mdogo na ya mtu asiye na nauli.

Nayasema haya kwa sababu kikwazo cha kwanza cha kijana wako huenda kisiwe uvivu. Huenda ni aibu. Anaona akipita stejini na baiskeli, wenzake watamcheka kwamba kwao hakuna pesa. Ukimwambia tu "Toka hapo kwenye simu, nenda ukaendeshe baiskeli", hujaigusa hiyo aibu hata kidogo. Umeiongezea.

Tuanze na mwili. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate mazoezi ya kutosha kama dakika 60 kwa siku, ukipiga wastani wa wiki nzima. Lakini takwimu za mwaka 2016, ambazo shirika hilo lilizitoa mwaka 2019, zilionyesha kuwa duniani kote vijana wanne kati ya watano walioko shuleni hawafikii kiwango hicho. Kwa wasichana ilikuwa 85 katika kila 100, na kwa wavulana 78.

Baiskeli inasaidia hapo. Moyo na mapafu hupata nguvu, misuli ya mapaja na mgongo hujengeka, usingizi unakuwa mzito, na kijana mwenye mawazo mengi hurudi uso umekunjuka. Haigongi magoti kama kukimbia kwenye lami. Ila kwa sababu uzito wa mwili unabebwa na kiti, mifupa haipati kazi nyingi, kwa hiyo kuruka kamba au kucheza mpira bado kuna nafasi yake.

Sasa mama, kabla hujamwambia akaendeshe, hesabu kwanza amefanya nini leo. Msichana aliyeamka saa kumi na moja, akateka maji mtoni, akaenda shule kwa miguu kutoka ndani kule Kiminini, akarudi akapalilia mahindi, huyo hana upungufu wa mazoezi. Ana upungufu wa kupumzika na wa kucheza. Kwake baiskeli ni ya kumfurahisha na kumpunguzia safari, si ya kumwongezea jasho. Mwingine yuko mjini, anashushwa na pikipiki mlangoni mwa shule, jioni yote yuko kwenye kochi. Hao wawili hawapewi ushauri mmoja.

Na kipimo cha nguvu hakihitaji mashine. Akiwa anaendesha, je, anaweza kuongea nawe? Akiweza kuongea lakini hawezi kuimba, hicho ni kiwango kizuri cha kawaida. Akiweza kuimba, ni matembezi tu, na hayana ubaya. Akishindwa kutoa hata maneno matatu bila kuhema, anajikaza sana. Hilo halidhuru kwa dakika chache kijana mzima akiamua mwenyewe, lakini lisiwe ndiyo desturi ya kila siku.

Kusukuma kupita kiasi kunaanzaje? Mara nyingi kunaanza kwa upendo. Tuseme mvulana wako ana miaka 14. Mjomba wake amemletea baiskeli ya gia ya mtumba kutoka Nairobi. Wiki ya kwanza haachani nayo, anaifuta kwa kitambaa kila jioni. Siku moja mnaona anapanda kilima bila kushuka, na mtu anasema, "Huyu atakuwa bingwa." Basi hapo ndipo mambo yanapoharibika. Jumamosi ijayo baba anamwamsha alfajiri. Jumapili mjomba anapiga simu kuuliza ameenda kilomita ngapi. Akisema, "Mama, leo nimechoka," anajibiwa, "Umechoka na nini, na baiskeli umenunuliwa?" Baada ya miezi miwili baiskeli iko nyuma ya nyumba, tairi limeisha upepo, kuku wanalala juu yake. Watu wazima wanasema kijana ni mvivu. Mimi nasema hapana. Walimnyang'anya kitu chake wakakifanya chao.

Sisi watu wa huku tuna mtego wetu wa pekee. Iten haiko mbali. Tunawajua wakimbiaji waliojenga nyumba na kununua mashamba kwa miguu yao, na mzazi akimwona mtoto ana pumzi, anaanza kuona karo, trekta na bati jipya. Si vibaya kuota. Lakini ona njia ilivyo ndefu. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na akiwa mvulana alikuwa akiendesha baiskeli na David Kinjah na vijana wake kule Kikuyu. Ushindi wake wa kwanza wa Tour de France ulikuja mwaka 2013, akiwa na miaka 28. Biniam Girmay, mzaliwa wa Asmara nchini Eritrea, alikuwa na miaka 24 alipokuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda siku ya mashindano hayo, Julai 2024. Na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, mara ya kwanza kabisa katika Afrika. Kwa hiyo mlango upo. Lakini haufunguliwi na mama mwenye saa mkononi akimngoja mtoto wa miaka 14 getini. Mwaka huu kazi yako ni moja tu: mwakani awe bado anaipenda.

Utamtia moyo vipi basi?

Mpe uamuzi. Badala ya "Nenda ukaendeshe", muulize, "Jumamosi ungependa kufika wapi?" Kijana wa Webuye anaweza kutaka kwenda kuona maporomoko ya Nabuyole. Wa Kitale atataka kufika upande wa Saiwa, au kwenda tu kumtembelea binamu yake. Safari yenye mahali pa kufika humvuta kijana kuliko kuzunguka uwanjani akihesabu raundi. Akiwa na mwenzake ni bora zaidi, kwa furaha na kwa usalama. Na usishangae akienda kilomita tatu akakaa chini ya mwembe saa nzima akipiga soga. Hiyo pia ni sehemu ya safari.

Mpeleke kwa fundi. Sizungumzii kutengenezewa. Namaanisha akae na fundi ajifunze kuziba pancha, kukaza breki, kutia mafuta mnyororo na kurudisha spoku. Nimeona wavulana ambao hawakuvutiwa hata kidogo na mazoezi wakaingia kwenye baiskeli kupitia spana. Akijua kuitengeneza, ile aibu niliyoitaja hupungua, kwa sababu sasa ana ujuzi ambao wenzake wanaufuata.

Halafu kuna jambo hili, na hapa mtanisamehe mkiona nawasema. Msigeuze baiskeli kuwa punda. Ikifika tu nyumbani, kila kitu ni yake: mtungi wa maji nyuma, mahindi ya posho mil, unga wa jirani, dada mdogo juu ya keria, sukari dukani saa moja usiku. Kazi za nyumbani ni lazima, sikatai, na mtoto wa kwetu anasaidia. Lakini kijana akishajua kuwa kila akigusa baiskeli anatumwa, ataanza kuificha. Patana naye. Mwambie siku hizi na hizi ni za kutumwa, na Jumamosi kuanzia saa tatu hadi saa tano ni yake, hatumwi na mtu. Na wewe ushike neno lako, hata chumvi ikiisha.

Msifu pia, lakini sifia kitu sahihi. "Naona umerudi umefurahi" ni sifa. "Umeweza kuziba pancha peke yako" ni sifa. Ukisema kila mara "Umemshinda mtoto wa fulani?" unamfundisha kuwa asiposhinda hakuna haja ya kutoka. Na ukiweza kupanda nawe, panda. Akina mama wa Bungoma walikuwa wakienda sokoni kwa baiskeli kabla hawa vijana hawajazaliwa.

Sasa niseme juu ya wasichana, maana hapa tunapoteza wengi. Msichana hupanda baiskeli hadi miaka 11 au 12, kisha matiti yakianza kuota tu, anaambiwa ashuke. Anaambiwa msichana akipanda baiskeli atapoteza ubikira. Mama, ubikira haupotezwi na kiti cha baiskeli. Kile kizinda ni utando mwepesi unaotofautiana kutoka msichana mmoja hadi mwingine, na hakuna daktari wala nyanya anayeweza kuutazama akajua msichana amelala na mwanamume au la. Mwaka 2018 mashirika ya Umoja wa Mataifa, pamoja na Shirika la Afya Duniani, yalitoa wito vipimo vya ubikira vikomeshwe kwa sababu havina msingi wowote wa kitabibu. Wakati wa hedhi vilevile anaweza kuendesha kama anajisikia vizuri. Kwa wengi mazoezi mepesi hupunguza maumivu ya tumbo. Anachohitaji ni pedi safi, kaptula au suruali ndefu ya kuvaa chini ya sketi, na mama asiyemfokea.

Faida kwa msichana si ya mwili pekee. Nchini Zambia, wasichana wa vijijini walipewa baiskeli za kwendea shule na watafiti wakawafuatilia. Muda wa safari ulipungua kwa karibu theluthi moja, na siku za kukosa shule zikapungua kwa zaidi ya robo. Na unajua mwenyewe ni nini humpata msichana anayetembea peke yake njia ndefu ya miwa kila jioni, na nani humsimamishia pikipiki akimwambia "Panda nikusaidie". Aendeshe pamoja na wenzake, wawili au watatu. Akisema kuna mtu anamsumbua njiani, mwamini kwanza.

Tuje kwa baiskeli yenyewe. Nyingi za maumivu ya goti ninazosikia zinatokana na kiti kilichoshushwa sana. Fanya hivi: kijana akae kwenye kiti, aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Kisha akiweka sehemu ya mbele ya wayo, goti litakunja kidogo tu. Hapo ni sawa. Kama ni Blaki Mamba ya babu na miguu haifiki, atakuwa anayumba kiunoni kila akikanyaga, na mgongo utalalamika. Afadhali asubiri arefuke au apate ndogo. Breki zote mbili zishike. Na wale wa milimani, anayeshuka kutoka Kapsokwony kuelekea Kimilili, breki ndiyo uhai wake.

Kijana anayekua haraka anaweza kupata uvimbe wenye maumivu chini kidogo ya kifuniko cha goti. Huwapata wengi katika umri huu kwa sababu mfupa unarefuka na mishipa minene ya msuli inavuta mahali palepale. Hupona kwa muda. Lakini apunguze milima na kasi, na asilazimishwe "kuzoea maumivu". Goti likivimba lote, au maumivu yakimwamsha usiku, au akichechemea kwa zaidi ya wiki mbili, mpeleke hospitali.

Dalili za kuchoka kupita kiasi ni zipi? Siyo jasho. Angalia kama analala vibaya ingawa amechoka, anakasirika ovyo, alama za shule zimeshuka, mafua hayamwishi, hamu ya chakula imepotea, anapungua uzito. Kwa msichana, hedhi iliyokuwa ikija vizuri ikikosa miezi mitatu, mwone muuguzi, na msikimbilie kumshutumu. Kubwa kuliko zote ni hii: aliyekuwa akikimbilia baiskeli sasa anatafuta sababu. Ukiona hivyo, mpumzishe wiki nzima bila swali wala kejeli. Na hata asiyeonyesha dalili apumzike siku moja au mbili kila wiki. Mwili wa kijana hujijenga anapolala.

Wako vijana wanaohitaji uangalizi zaidi. Bungoma na Magharibi yote malaria tunayo. Aliyetoka kuugua asirudi barabarani siku ambayo homa imeshuka. Damu huwa imepungua. Ngoja ale vizuri na aweze kutembea bila kuhema, kisha aanze na safari fupi. Mwenye selimundu, wengi huuita sikoseli, hahitaji kufungiwa ndani, lakini aende polepole, anywe maji mara kwa mara, asiloane mvua, na asijikaze kushindana na wengine. Zungumza na kliniki yake kwanza. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni, si kuiacha kabatini. Na kijana anayezimia, au kuumwa kifua akiwa anaendesha, asimame kabisa mpaka daktari amwone.

Wale wanaorudi likizo kutoka shule za bweni nao wanajisahau. Miezi mitatu hajagusa pedali, siku ya kwanza anataka kufika Eldoret. Aanze na nusu ya alichozoea. Na mgeni kutoka Mombasa atahema akifika Kitale, kwa kuwa mji uko juu kama mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Mpe wiki moja au mbili azoee.

Chakula hakihitaji maduka makubwa. Uji mzito kabla ya kutoka, au ndizi mbili na viazi vitamu. Akirudi ale ugali na maharagwe, omena au yai, na mboga za kienyeji kama managu, sagaa na mrenda, hasa msichana anayepoteza damu kila mwezi. Chupa ya maji safi asiisahau. Vile vinywaji vya kutia nguvu vinavyouzwa stejini si vya mtoto.

Na barabara. Ile kubwa ya Webuye, Kanduyi hadi Malaba ina malori ya Uganda usiku na mchana, na ya Kitale kuelekea Webuye si nyepesi. Sioni sababu ya kijana wa miaka 13 kuwa huko kwa kujifurahisha wakati njia za vijijini ziko tele. Wakati wa kuvuna miwa, matrekta yenye tela hayaoni nyuma, asiyafuate kwa karibu wala kushikilia. Avae helmeti inayokaza kidevuni, na nguo ya rangi inayoonekana. Saa kumi na mbili jioni awe nyumbani. Msimu wa mvua aendeshe asubuhi, kwa sababu alasiri radi za huku hazina mchezo. Ikianza kunguruma aingie kwenye nyumba, asijikinge chini ya mti.

Akianguka, kidonda kioshwe kwa maji mengi safi na sabuni, mchanga utoke wote, na uulize zahanati kama anahitaji sindano ya pepopunda. Usikipake mafuta ya breki wala majivu. Lakini akipoteza fahamu, akitapika, akisinzia isivyo kawaida, au akiongea maneno yasiyoeleweka, usingoje asubuhi. Vivyo hivyo akiwa amegongwa tumboni na ncha ya usukani, halafu tumbo likaendelea kuuma. Kwa nje huonekana mkwaruzo mdogo tu, kumbe ndani ini au bandama limepasuka. Mpeleke hospitali usiku huohuo.

Muda wetu umefika. Maswali mtuulize kupitia mhudumu wa afya wa kijiji chenu, naye atatuletea. Wiki ijayo tutazungumza juu ya minyoo, na kwa nini dawa hutolewa shuleni hata kwa mtoto asiyeumwa. Siku njema Kitale, siku njema Bungoma. Kwaherini.

(Muziki unapanda.)